Huzuni ya Wazee na Hatari ya Barabarani



Mwezi huu sitaandika juu ya mbolea wala juu ya kuogesha ng'ombe. Mambo hayo Bwana Kilimo huyaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi ni karani tu wa afisi ya kilimo, na kabla ya kushika kazi ya afisi nilisomea ualimu. Nataka kuwaeleza jambo moja ambalo nililiona kwa macho yangu, nikalipuuza, maana halikuwamo katika fomu yo yote niliyopewa kujaza.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu mzima aliyepatwa na huzuni isiyokwisha yu katika hatari kubwa zaidi anapokwenda barabarani, akiwa anaendesha motokaa, au trekta, au baiskeli, au anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Huzuni na ajali ni vitu viwili ambavyo sisi tumezoea kuvitenga. Huzuni twasema ni mambo ya moyoni, na ajali twasema ni bahati mbaya. Lakini mara nyingi ni ndugu wa nyumba moja.

Mzee wa ploti ya karibu na lami

Katika skimu yetu yuko mzee mmoja ambaye baba yake alipata ploti wakati wa mpango wa Eka Milioni Moja, ule ulioanza mwaka 1962. Yeye mwenyewe alikuja hapa akiwa kijana, akang'oa visiki na kuchimba mitaro, na sasa amepita miaka 70. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikuwa akifika afisini na baiskeli yake, kofia kichwani, na kabla ya kusema haja yake alikuwa na mzaha wa kunichekesha. Alikuwa akiniuliza kama Serikali imekwisha kunipa ng'ombe, au bado nakamua karatasi.

Mke wake alifariki. Tulikwenda matangani, tukatoa mchango wetu, tukarudi kazini. Baada ya miezi kadhaa nikaona mabadiliko. Katika orodha ya maziwa ya chama cha ushirika, ambayo nakala yake hupita mezani pangu, lita zake 14 za asubuhi zilishuka zikawa 9, kisha 6. Siku ya josho hakuleta mifugo. Alikuja afisini kuuliza habari za kujiandikisha kwa mbolea, nikamweleza. Kesho yake akaja tena na swali lile lile. Siku ya tatu akaja tena. Mzaha haukuwapo. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo upande.

Nilimwambia kwa ukali kidogo, "Mzee, jambo hili nimekwisha kukueleza mara mbili."

Akajibu, "Unisamehe, mwanangu. Siku hizi kichwa hakishiki neno. Usiku silali, na mchana siko macho."

Wakulima, maneno hayo yalikuwa wazi kama taa. Mimi nilipiga muhuri karatasi yake nikamwita mtu aliyefuata.

Haukupita mwezi. Jioni moja, jua likiwa linakuchwa, mzee alikuwa anavusha baiskeli yake barabara ya lami, na pikapu ikamgonga. Mfupa wa paja ukavunjika. Dereva hakuwa mlevi wala hakukimbia. Alisimama, akasaidia kumbeba, naye alirudia neno moja tu: "Alinitazama kabisa, halafu akaingia barabarani kana kwamba hakuniona."

Huko hospitali, baada ya mfupa kushughulikiwa, tabibu aliketi karibu na kitanda akamwuliza maswali mawili, ambayo nitawaeleza hapa chini. Mzee alilia. Ikajulikana kwamba alikuwa mgonjwa kwa muda wa miezi minane kabla ya kugongwa, na hakuna mtu aliyeuona ugonjwa wake. Au tuseme kweli: tuliuona sote, ila hatukuupa jina.

Ugonjwa huu ni ugonjwa gani?

Madaktari wanauita unyogovu, na wengine husema sonona. Mimi hapa nitauita ugonjwa wa huzuni, ili sote tufahamiane.

Si kila huzuni ni ugonjwa. Mtu akifiwa atalia, na ng'ombe wake mzuri akifa atasononeka. Huzuni ya namna hiyo ina mwisho, na hata katikati yake mtu anaweza kucheka kidogo akiletewa mjukuu. Lakini ugonjwa wa huzuni hukaa. Unapomshika mtu kwa muda wa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, kutwa nzima, ndipo madaktari wanapoutambua.

Dalili zake ni hizi. Mtu hapati furaha katika mambo aliyoyapenda. Usingizi unampotea usiku wa manane, au analala mchana kutwa. Chakula hakimpendezi. Nguvu zinamwishia bila kazi. Mawazo yanakwenda polepole, na hawezi kushika jambo moja akilini. Anajiona hafai na kwamba amekuwa mzigo kwa watoto wake. Wengine hufikia hata kutamani kufa.

Kwa wazee ugonjwa huu hujificha. Mzee wetu, hasa mwanamume, hasemi, "Nina huzuni." Husema, "Mgongo unauma," au "Kichwa kinazunguka," au "Ni uzee tu." Na sisi twakubali kwamba ni uzee. Lakini uzee haumfanyi mtu asiweze kufurahi. Wako wazee wengi wa miaka 80 na zaidi wanaolala vizuri, wanaokula, na wanaotusimanga vijana kwa uvivu wetu. Kwa hiyo tusiulaumu uzee kwa kazi ya ugonjwa.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba karibu watu 6 katika kila watu wazima 100 waliopita miaka 60 wana ugonjwa huu. Haya, tufanye hesabu. Skimu ikiwa na ploti 300, na kila ploti ikiwa na mzee mmoja, basi wazee wapatao 18 wanauchukua ugonjwa huu kimya kimya. Wewe waweza kuwataja wangapi?

Huzuni hufikaje barabarani?

Labda utauliza, ugonjwa wa moyoni unahusu nini na magurudumu? Njia zake ni nyingi. Nitazitaja tano.

Ya kwanza ni usingizi. Mtu asiyelala usiku husinzia mchana. Anaweza kusinzia juu ya usukani kwa sekunde chache tu, macho yakiwa wazi, na sekunde chache zatosha.

Ya pili ni mawazo. Barabara yataka mtu aangalie mambo mengi kwa wakati mmoja: lori linalokuja, boda boda inayopita kando, mtoto aliye ukingoni. Mgonjwa wa huzuni akili yake imejaa jambo moja, nalo ni lile linalomsumbua. Jicho laweza kuona gari na akili isipokee habari. Ndivyo alivyosema yule dereva wa pikapu bila kujua.

Ya tatu ni mwili. Ugonjwa huu hupunguza mwendo wa mtu. Anatembea polepole, anageuka polepole, anakanyaga breki akiwa amechelewa. Tena mwenye huzuni huacha kujitunza. Hali chakula cha kutosha, husahau dawa ya sukari au ya shinikizo la damu, na miwani iliyovunjika haitengenezi.

Ya nne ni vitu anavyomeza. Wengine hutafuta usingizi katika pombe, na pombe huzidisha huzuni kesho yake. Na dawa nyingine zenyewe, hata zile zilizotolewa na daktari, huleta usingizi. Habari hiyo nitaieleza zaidi.

Ya tano ni nzito, lakini lazima isemwe. Mtu aliyekata tamaa hajali tena kama gari litasimama au halitasimama. Si lazima awe amekusudia kufa, ila ile hofu inayotulinda sisi sote ukingoni mwa barabara imelegea ndani yake.

Hesabu ya barabara

Mimi ni mwalimu wa hesabu aliyepotea njia, kwa hiyo nivumilieni.

Motokaa inayokwenda kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 katika kila sekunde moja. Dereva mwenye akili iliyotulia akiona kitu mbele yake, huchukua kama sekunde moja hivi kabla mguu haujakanyaga breki. Dereva ambaye mawazo yamemlemea akichukua sekunde mbili, motokaa yake imekwenda meta 22 zaidi kabla breki haijaanza kushika. Meta 22 ni kama urefu wa malori mawili na zaidi. Katika urefu huo wanaweza kuwapo watoto wa shule darasa zima.

Sasa tumtazame anayetembea. Tuseme lami ina upana wa meta 7. Mtu anayekwenda meta moja kwa sekunde atavuka kwa sekunde 7. Katika sekunde hizo gari la mwendo wa kilometa 80 limekwenda meta 155. Mzee mgonjwa, anayeburura miguu na kusukuma baiskeli, huenda akatumia sekunde 10. Katika sekunde 10 gari lile lile limekwenda meta 222, yaani zaidi ya urefu wa viwanja viwili vya mpira. Kwa hiyo gari ambalo yeye analiona liko mbali sana, kwake haliko mbali. Alipokuwa kijana nafasi hiyo ilimtosha. Leo haimtoshi, na hakuna aliyemwambia.

Mwaka 2023 watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na wenda kwa miguu walikuwa kundi kubwa kuliko yote. Tusidhani basi kwamba habari hizi ni za wenye motokaa peke yao.

Waliyoyaona wataalamu

Huko Marekani wazee wengi huendesha motokaa hata baada ya miaka 70, na kwa hiyo wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa makini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko mji wa St. Louis, waliweka chombo kidogo ndani ya motokaa za wazee wapatao 400 wenye miaka 65 na zaidi. Wengine walikuwa na ugonjwa wa huzuni, wengine hawakuwa nao. Chombo hicho kiliandika habari za kila safari. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2024. Walikuta kwamba wenye ugonjwa wa huzuni walikanyaga breki kwa ghafula mara nyingi zaidi, walikata kona kwa nguvu zaidi, na safari zao hazikuwa na utaratibu kama za wenzao.

Breki ya ghafula bado si ajali. Lakini mchungaji akiona ng'ombe anachechemea kila siku, hangoji mpaka avunjike mguu ndipo aseme kuna ubaya.

Habari nyingine ni ya zamani kidogo. Mwaka 1992 wataalamu wa jimbo la Tennessee, huko huko Marekani, walitoa taarifa juu ya madereva wenye miaka 65 hadi 84. Waliona kwamba wale waliokuwa wakitumia dawa za huzuni za aina ya zamani, mojawapo ikiwa amitriptilini, walipata ajali za kuumiza watu zaidi ya mara mbili kuliko wasiotumia. Kadiri dozi ilivyokuwa kubwa, ndivyo hatari ilivyozidi. Dawa hiyo ya amitriptilini hata sasa hutolewa hapa kwetu, kwa huzuni na kwa maumivu ya neva pia. Ni dawa nzuri kwa aliyeandikiwa, lakini huleta usingizi na kizunguzungu, hasa katika majuma ya kwanza.

Hata hivyo nawaomba msichukue maneno haya mkayapindua. Sikusema kwamba kila mwenye huzuni ataanguka barabarani. Wengi huendesha na kutembea salama. Wala sikusema watu waache dawa. Mtu aliyeacha dawa ghafula bila kumwambia daktari anaweza kuumwa vibaya zaidi, na huzuni isiyotibiwa nayo ni hatari barabarani. Dawa itumiwe kwa maarifa, kama tutumiavyo dawa ya kupe. Ipimwe, ifuatwe, na mtu ajue isichopaswa kuchanganywa nacho.

Ajali nayo huzaa huzuni

Kuna upande wa pili wa habari hii. Mtu aliyegongwa hukaa kitandani miezi mingi. Shamba linaota magugu na gharama zinapanda. Usiku anasikia tena mlio wa breki. Hata aliyekuwa na moyo mzima anaweza kuupata ugonjwa wa huzuni baada ya ajali, basi itakuwaje kwa yule aliyekuwa nao tangu mwanzo? Ndiyo maana nasema mambo haya huzunguka kama ng'ombe wa kusukuma kinu. Huzuni inaleta ajali, na ajali inaongeza huzuni.

Tena kuna kosa ambalo sisi watoto tunalifanya kwa nia njema. Tukiona baba amegonga mlango wa lango kwa pikapu yake, tunachukua ufunguo tunauficha. Twadhani tumemwokoa. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, walikusanya uchunguzi mwingi uliokwisha fanywa juu ya wazee walioacha kuendesha motokaa. Waliona kwamba kwa wazee hao hatari ya kuingiwa na dalili za huzuni ilikuwa karibu mara mbili. Si ajabu. Mzee aliyezoea kupeleka maziwa yake mwenyewe, kwenda kanisani au msikitini mwenyewe, na kuhudhuria mkutano wa ushirika mwenyewe, ukimwondolea ufunguo bila kumpa njia nyingine, umemfungia ndani ya ua kama ndama.

Sisemi aachiwe ufunguo hata kama haoni. Nasema ufunguo ukiondoka, safari zibaki. Kaeni naye, mkubaliane nani atampeleka sokoni siku gani, na boda boda yupi wa kuaminika atamchukua Jumapili. Na yeye mwenyewe ashirikishwe katika shauri hilo, maana ni mzee wa boma, si mzigo wa kupakiwa.

Dawa ipo

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu una tiba. Kwanza kuna tiba ya mazungumzo na mtu aliyefundishwa. Pili kuna dawa za namna nyingi, na nyingine hazileti usingizi mwingi kama zile za zamani. Dawa hizi hazifanyi kazi siku moja. Huchukua majuma kadhaa kabla mtu hajaona nafuu, kwa hiyo asikate tamaa juma la kwanza.

Msifikiri ni lazima kwenda mbali. Huko Zimbabwe, mjini Harare, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha akina nyanya wa mitaani. Nyanya huketi na mgonjwa juu ya benchi la mbao katika uwanja wa zahanati, anamsikiliza, na wanatafuta pamoja njia ya kutatua shida moja, kisha nyingine. Washona wana neno lao la ugonjwa huu, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 taarifa ya uchunguzi ilionyesha kwamba walioketi katika mabenchi hayo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma za kawaida. Basi ikiwa benchi na nyanya mwenye masikio vimesaidia Harare, hata sisi tuna mabenchi, na nyanya tunao.

Kwetu Kenya, wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kukuelekeza kwenye kituo cha afya. Huko mwulize tabibu waziwazi juu ya huzuni. Usiseme mgongo tu.

Na wale wanaoogopa kusema kwamba mzee wao ametamka maneno ya kutaka kujiua, kwa sababu wanahofu polisi, wajue jambo hili. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu hakipatani na Katiba. Mtu wa namna hiyo ni mgonjwa wa kusaidiwa. Asiachwe peke yake, sumu za kunyunyizia mimea zifungiwe mbali naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mambo ya kufanya nyumbani

Kateni sehemu hii mkaibandike ukutani, kama mnavyobandika kalenda ya kupanda.

1. Ulizeni maswali mawili. Ndiyo yale aliyoulizwa mzee wetu hospitalini. "Katika majuma mawili yaliyopita, je, umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo?" Na, "Katika majuma hayo mawili, je, umejisikia mwenye huzuni, au umevunjika moyo, au umekosa tumaini?" Akijibu kwamba ndivyo ilivyo, hasa kama ni siku nyingi kuliko siku chache, mpelekeni kituo cha afya. Maswali haya hayamtibu mtu wala hayathibitishi ugonjwa. Hufungua mlango tu.

2. Tazameni kazi zake. Mzee hasemi, lakini shamba lake linasema. Maziwa yamepungua bila sababu? Palizi imeachwa? Ameacha kwenda kwenye mikutano? Hizo ni dalili.

3. Tazameni motokaa yake. Mikwaruzo mipya, kupotea njia anayoijua, kukanyaga breki bila sababu, kupigiwa honi mara kwa mara. Mambo hayo mwambieni tabibu.

4. Dawa mpya ikitolewa, mwulize daktari maswali matatu: Je, inaleta usingizi? Je, naweza kuendesha motokaa au trekta? Je, inapatana na dawa zangu nyingine? Mpaka mtu ajue dawa inavyomchukua, asishike usukani, na pombe asiiguse kabisa.

5. Safari ziwe mchana. Mzee asivuke lami wakati wa magharibi akiweza kuepuka. Akitembea mahali pasipo njia ya miguu, ashike upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Avae nguo nyeupe au koti lenye kung'aa taa zinapolipiga. Baiskeli, mkokoteni na trela viwekwe vioo vya kung'arisha nyuma.

6. Macho na masikio yapimwe. Mara nyingine kinachoitwa usahaulifu ni miwani iliyochakaa.

7. Msimwache peke yake. Aliyefiwa atembelewe baada ya matanga, mwezi wa tatu, mwezi wa sita, hata mwaka uishe. Siku za matanga watu ni wengi. Ni miezi ya baadaye inayomwua mtu kwa ukimya.

Na ninyi wazee wenyewe mnaosoma ukurasa huu, au mnaosomewa na mjukuu, nawaombeni kwa heshima. Mliweza kusema juu ya kwato zilizooza na juu ya mahindi yenye ukungu, na msaada ukaja kwa sababu mlisema. Semeni na juu ya hili. Wahenga walinena, mficha maradhi kilio humfichua.

Mwisho

Mzee wetu alikaa hospitali majuma kadhaa, kisha akarudi nyumbani na magongo. Alipewa dawa, na tabibu akapanga siku za mazungumzo. Binti yake aliyekuwa akifanya kazi mjini alirudi kwa muda kusimamia ng'ombe. Jirani mmoja, mzee mwenzake, sasa huja kila jioni kunywa chai, na wanabishana juu ya mipaka ya mwaka 1965 mpaka giza linaingia.

Mguu haukurudi kama zamani. Baiskeli amempa mjukuu. Kuja afisini huja na boda boda, tena mchana, na amevaa koti la rangi ya machungwa ambalo yeye mwenyewe husema linamfanya afanane na mfanyakazi wa barabara.

Mwezi uliopita alifika mezani pangu. Nilimpa kiti kwanza, kisha nikamwomba radhi kwa siku ile ya ukali wangu. Akanitazama kwa muda. Akasema, "Karani, wewe uliniuliza mbolea nataka mifuko mingapi. Lile swali jingine hukufundishwa." Halafu akauliza kama Serikali imekwisha kunipa ng'ombe.

Katika orodha ya maziwa ya juma hili jina lake lina lita 11.

Basi, ndugu wakulima, mimi sasa nimefundishwa lile swali jingine, na ninyi nimewafundisha. Jioni hii kabla ya kufunga zizi, mwendee mzee wa boma lako, keti karibu naye, umwulize. Kisha umsikilize mpaka amalize.